Laini ya Marehemu Nabangala

Marlène aliuza vitenge kwa miguu, kutoka Kibuli hadi Mbuya, na siku nyingine hadi Port Bell, mzigo begani na simu kifuani. Simu aliifunga kwa kitambaa akaibana kwenye sidiria, ili hata kelele za bodaboda zisimzuie kuihisi ikitetemeka. Ikitetemeka tu, mteja aliachwa ameshika kitenge mkononi. "Samahani, mama, minakuya," alisema, kisha aligeukia ukutani akapokea.

"Halo, ninaongea na Madam Nabangala?"

Hilo halikuwa jina lake. Nabangala alikuwa mama mwenye nyumba wake wa kwanza hapa Kampala, mwanamke mnene wa upande wa Busia, mwenye maneno makali na moyo laini. Marlène alipofika kutoka Bukavu hakuwa na karatasi hata moja ya kumtambulisha, na bila kitambulisho huuziwi laini ya simu. Basi Nabangala alimpeleka dukani, akatoa kitambulisho chake mwenyewe, akabonyeza dole gumba kwenye mashine, akamkabidhi laini. Wageni wengi mjini walipata laini zao vivyo hivyo, kwa dole gumba la jirani, na hakuna aliyeona ajabu. Baadaye Nabangala akafa kwa presha, akazikwa kwao, lakini wauzaji wa kupiga simu hawakuhudhuria msiba.

Wao waliendelea kumpigia. Walimwahidi mkopo bila dhamana. Walimuuzia kiwanja Mukono, na wimbo wa kuwaburudisha wanaompigia. Walimwomba abeti. Siku moja kijana mwenye sauti ya asali alipiga kumuuzia bima ya maisha, na Marlène, aliyekuwa juani tangu asubuhi, akamwambia wazi kwamba Nabangala amekufa. Kijana akasema pole sana. Kisha akauliza kama yeye aliyepokea simu angependa bima. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Mtu mwingine angekwisha kuitupa laini hiyo jalalani na kununua nyingine. Marlène hakuweza, na sababu ilikuwa na jina: Reine, binti yake wa pekee.

Reine alibaki Bukavu kwa bibi yake, mtaa wa Kadutu, mama alipotangulia kutafuta maisha. Alikuwa mdogo, na jambo la kwanza Marlène alilomfundisha kwa njia ya simu lilikuwa ile namba, tarakimu kwa tarakimu, mpaka mtoto akaijua kama anavyojua Baba Yetu. Vita vilipoingia mjini, bibi akafa wiki ileile, na nyumba ikaporwa na simu yake ikaenda na waporaji. Jirani mmoja aliyefika Uganda alisema alimwona Reine kwenye msafara wa wakimbizi karibu na Kamanyola, amebeba sufuria, hai. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua kitu. Msichana wa miaka kumi na minne alikuwa mahali fulani duniani bila simu, bila picha, bila anwani, na kitu kimoja tu kichwani cha kumrudisha kwa mama yake.

Kwa hiyo Marlène alipokea kila simu. Namba asiyoijua ndiyo aliyoipokea kwa haraka zaidi, kwa sababu Reine angepiga kwa simu ya kuomba. Na wauzaji nao, kwa werevu wao wa kishetani, hupiga kwa namba usizozijua, kila siku nyingine mpya. Kila mlio ulimpa matumaini, kisha ukamwangusha. Nasema bila kuficha: kuna wezi wa mfukoni wenye huruma kuliko watu hawa.

Asidhani mtu kwamba alikaa tu. Aliyemwonyesha njia ya kujitoa kwenye simu hizo za matangazo alikuwa rafiki yake Maimunah, Mnubi mwenye kibanda cha kutuma pesa chini ya kilima cha Kibuli, ambako Marlène alichaji simu na kupumzisha miguu. Maimunah alibonyeza hapa na pale, ukaja ujumbe wa kushukuru: ombi lako limepokelewa, hutapata tena matangazo. Jioni ileile wakapiga watu wa mikopo. Maimunah akamtoa tena, na ujumbe wa shukrani ukaja tena, mtamu kama ule wa kwanza. Sikio la kufa halisikii dawa.

Halafu ikaja siku ya Burundi.

Marlène alikuwa Bugolobi, kwenye uzio wa nyumba ya ghorofa, akimsikiliza mwanamke wa bima. Hakutaka kumkatia haraka, maana mwanamke yule alianza kwa kusema ana habari muhimu kuhusu familia yake, na neno familia lilimnasa. Ilimchukua muda kuelewa kwamba familia ile ilikuwa ya kwenye tangazo. Alipokata simu, akaona kwenye kioo cha simu kwamba kuna mtu alimpigia wakati huo akamkosa, na namba ilikuwa ya Burundi.

Akapiga palepale. Akapokea mzee mmoja aliyekohoa sana.

"Papa, mtu ametoka kunipigia kwa simu hii."

"Kulikuwa mutoto-msichana hapa kambini, ameomba simu. Amesema anaita mama yake. Haikupita."

"Iko wapi ye?"

"Walipandisha bantu ku malori, banabahamisha. Lori yake imekwisha kwenda. Sijue fasi wanaenda."

"Jina yake? Papa, alisema jina?"

Mzee hakuuliza jina. Marlène alikaa chini kwenye mtaro mkavu na vitenge vyake mapajani, akalia kwa hasira, si kwa huzuni. Mwanawe alikuwa hai na alikuwa amepiga. Wakati huohuo yeye alikuwa akisikiliza bei ya bima.

Maimunah aliposikia, alipiga paja. "Banange, Mama Reine, hii imezidi. Wewe nenda town kwa ofisi yao kubwa. Hii mambo ya kubonyeza-bonyeza ni bure. Ingia ndani, ukae kwa kiti, uwaambie kwa mdomo. Mtu akikuona kwa macho atakusaidia."

Ushauri ulikuwa mzuri. Mpaka leo Maimunah anaujutia.

Ofisi ilikuwa na baridi ya mashine na viti vya rangi. Marlène alivaa kitenge chake kizuri kuliko vyote, kile asichouza. Aliyemhudumia alikuwa msichana mpole aliyevaa kibandiko cha jina, Akeyo, na nataka ieleweke kwamba Akeyo hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza habari yote ya Reine hadi mwisho, akasukuma boksi la karatasi za kufutia machozi upande wa Marlène.

"Pole, mama. Nitakutoa kwa hizo simu zote leo. Hautasikia hata mmoja tena. Nipe namba."

Marlène akaitaja. Akeyo akaandika, akatazama kioo cha kompyuta yake.

"Mama, hii laini iko kwa jina ya Nabangala. Ni wewe?"

Hapo palihitaji uongo mdogo. Angeweza kusema ni dada yangu, yuko kijijini, nitakuja naye kesho, akatoka zake na laini yake ikiwa hai. Lakini alikuwa amezoea kulijibu swali lile. Aliwajibu wauzaji kila siku kwamba Nabangala amekufa, na jibu hilo halikumdhuru. Ulimi ukaponza kichwa.

"Hapana, mama. Nabangala alikufaka. Yeye njo alinisaidia laini, lakini namba ni yangu, nayitumikisha miaka yote."

Akeyo akaacha kuandika. Alisema pole tena, na safari hii pole ilikuwa ya namna nyingine. Akaenda kwa mkubwa wake, akarudi, akaeleza kwa upole kwamba laini ya mtu aliyekufa haiwezi kubaki hewani, kwamba sasa wameshajua na hawawezi kujifanya hawajui, kwamba sheria ni sheria. Kama anaitaka, watoto wa marehemu wathibitishe kifo na wakubali kumwachia. Marlène alishika ukingo wa meza. Akamwambia kwamba yeye hakuja kufunga laini, amekuja kufunga kelele. Akeyo alielewa, uso wake ulionyesha hivyo, na kuelewa kwake hakukusaidia kitu.

Laini ilikufa kabla Marlène hajafika Clock Tower.

Alimtafuta mtoto mkubwa wa Nabangala, Dawudi, fundi wa magari. Dawudi alimsikiliza akifuta mikono kwa tambara, akakataa. Alikuwa amesikia habari za watu wanaokopa kwa laini za wafu, kisha madeni yanarudi kwenye familia. Marlène akamkumbusha alivyomwosha mama yake alipougua. Dawudi alisema anajua, Mungu atamlipa, lakini karatasi hasaini. Nani amlaumu? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sasa Marlène alikuwa na kadi ya mkimbizi, akanunua laini mpya kwa jina lake mwenyewe. Kwa laini hiyo alipiga namba yake ya zamani kila siku, na kila siku sauti ya mashine ikamwambia haipatikani. Aliwapa namba mpya watu wa Msalaba Mwekundu, mapadre, madereva wa malori wa Bujumbura, na yeyote aliyekuwa na mdomo. Lakini Reine hakuwa na habari ya watu hao. Reine alikuwa na namba moja tu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, akiwa kibandani kwa Maimunah, alipoipiga namba ya zamani, ikaita.

"Nani?" ilisema sauti ya mwanamume.

Laini ilikuwa imeuzwa upya. Mwenyewe sasa, kama alivyojieleza, alikuwa askari mlinzi, analinda nyumba ya tajiri huko Mbuya, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambi za jeshi. Marlène alimweleza: kuna mtoto atapiga, anaitwa Reine, umpe namba hii ninayokupigia. Askari akasema hakuna shida, mama. Kesho yake Marlène akapiga kuuliza kama amepiga. Keshokutwa akapiga tena. Ungekuwa wewe, usingepiga?

Mwanzoni askari alijibu vizuri, baadaye kwa mkato. Maana hakuwa Marlène peke yake. Wauzaji walikuwa hawajaacha. Kwao Nabangala alikuwa bado mteja, nao walimpigia askari yule zamuni, msikitini, akila. Akeyo aliahidi kuwatoa, lakini alifunga laini kabla ya kuwatoa, na aliyeinunua namba aliinunua na nzi wake.

Siku ya mwisho askari alipokea akiwa tayari amekasirika.

"Mama, mimi nimechoka na hii namba. Kila mtu napiga hapa natafuta mwanamke. Ya bima natafuta mwanamke, ya mkopo natafuta mwanamke. Juzi kasichana nayo kamepiga, kanalia, kanasema mama, mama. Nikakaambia hapana mama hapa, wrong number. Kakarudia, kakarudia. Nikablock."

"Ni Reine! Amemublock," Marlène alimwambia Maimunah. Maimunah akamnyang'anya simu, akaiweka ili wote wasikie.

"Afande, tafadhali, huyo ndiye mtoto wake. Angalia kwa hizo umeblock, utupe namba yake. Mimi nakungoja hapahapa."

"Wewe nani tena?"

"Mimi rafiki yake, afande. Tafadhali."

"Sasa mko wawili," alisema askari, akakata.

Walipopiga tena, haikuita. Alikuwa amemzuia. Maimunah akajaribu kwa simu yake ya biashara. Ikaita mara moja, ikakatwa, nayo ikazuiwa. Kufikia kesho yake namba ilikuwa imezimwa kabisa. Askari alifanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili hufanya anaposumbuliwa: akatupa laini akanunua nyingine. Yeye hakuwa na mtu anayemtafuta. Ndani ya simu yake, popote alipo, namba ya Reine na namba ya mama yake zimelala pamoja, zimezuiwa kwa kidole kimoja.

Siku hizi Marlène haendi Port Bell, wala Bugolobi. Anapanda Mbuya tu, kila siku. Anagonga geti moja baada ya jingine, mzigo begani, hodi, vitenge, vitenge vya Congo. Hajali kuuza. Uso wa askari yule haujui, jina hakuwahi kumwambia, lakini sauti yake anaijua, na anachotaka ni mlinzi afungue kidirisha cha geti aseme maneno machache, hata matusi, apate kumsikia vizuri.

Walinzi wameshamchoka. Wanamtambua kwa kugonga kwake, hawafungui tena hata hicho kidirisha.

"Hatutaki," wanasema kutoka ndani.

Neno moja halitoshi kumjua mtu. Marlène anasimama, anasubiri kama kuna jingine, kisha anahamia geti linalofuata.