Manowari ya Mkwe Wangu

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivyo na sijidai. Nilifika Stockholm na begi moja na elimu ya darasa la sita, nikaanza kwa kufuta matapishi ya walevi kwenye meli za kwenda Ufini, nikapanda, na leo nina kampuni yangu ya usafi huko Märsta, magari kumi na moja, na watu wenye shahada zao wananiita bosi. Nimeingia nyumba za watu waliokufa peke yao wakakaa wiki mbili. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia baba wa mchumba wake ni Mjerumani, na kwamba ana mchezo wake wa uzeeni, nilimwambia nipeleke tu, mwanangu. Mjerumani hanitishi.

Mchezo wenyewe ulikuwa kubuni manowari.

Mkwe huyo, namwita mkwe ingawa harusi ilikuwa bado, ni mhandisi wa lifti aliyestaafu, anakaa Hässelby. Baada ya kahawa akanichukua mimi peke yangu hadi chumba cha chini ya nyumba. Ukuta mzima ulikuwa michoro ya meli moja ya kivita ya Ujerumani, ya mwaka 1908, meli ambayo haijawahi kuwepo duniani. Ameibuni yeye, kuanzia bamba la kwanza la chuma mpaka choo cha nahodha. Akanieleza kwamba manowari za kweli za Wajerumani wa wakati ule zilikuwa na vibanda sita vya mizinga, kimoja mbele, kimoja nyuma, na viwili kila ubavu. Meli ikipigana upande mmoja, vile viwili vya upande wa pili vinakaa bure. Yeye amevipanga vyote katikati, mstari mmoja, ili vyote vipige pamoja.

"Una wafanyakazi sita na wawili wamekaa," nilimwambia. "Hata mimi ningewahamisha."

Uso ukamng'aa. "Wewe unaelewa. Mwanangu hata hanisikilizi."

Akili yangu ndiyo iliyoniponza. Tangu siku hiyo kila Jumamosi nikawa naitwa Hässelby kushauri habari za boila na dohani. Nilikwenda kwa sababu binti yangu aliniomba. "Baba, watu hawa ni wapole. Nakuomba usiniharibie." Ni mtoto wangu wa pekee, na katika vijana wote ninaowajua hapa, ni yeye tu ambaye nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswahili. Nilitaka kitu kimoja, kumshika mkono siku ya harusi nimpeleke mbele ya kanisa. Kwa ajili hiyo ningekunywa sumu, sembuse kahawa ya Mjerumani.

Lakini kinyaa kilikuwa kinanipanda. Chumba kilinuka gundi na vanishi. Mzee alikuwa akipapasa mizinga ya mfano kwa kidole, taratibu, kama mtu anayempapasa paka. Nikimuuliza wachochea makaa watalala wapi, anasema watajibana. Nikimuuliza afisa atalala wapi, anatoa mchoro mwingine kabisa, wenye kuta za mbao na kabati la mvinyo.

Jumamosi moja akatandika ramani ya pwani yetu juu ya meza. Alikuwa ameamua meli yake itie nanga Dar es Salaam, na kwa kuwa mimi natoka huko, alitaka ushauri.

"Makaa yatapakiwa na wenyeji," alisema. "Nimeweka mia nne. Wanatosha?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza vijiko vya sukari. Mimi ni Mngoni wa Songea. Wazee wetu walinyongwa na Wajerumani baada ya Majimaji, na hakuna Mngoni anayehitaji kwenda shule kulijua hilo. Mate yalinijaa mdomoni. Nikamkumbuka binti yangu, nikameza.

"Weka mia tano," nilisema. "Wengine watatoroka."

Akachukua penseli, akaandika mia tano. Aliandika kweli.

Ikafika sherehe ya kumuaga binti, ile sisi Watanzania tunayoiita sendofu, upande wa bibi harusi kuwakaribisha wakwe. Nilikodi ukumbi Fittja, nikalisha watu pilau na mbuzi wakasaza. Ulipofika wakati wa zawadi, mkwe akaingia anasukuma kitoroli. Juu yake ilikuwa manowari, mfano wa mbao na shaba, mrefu kuliko meza ya keki. Akasimama akatangaza kwa Kiswidi kwamba ameijenga kwa mikono yake, na kwamba meli hii ni yetu, tumeibuni pamoja, yeye na mimi. Ukumbi ukapiga makofi.

Pembeni yangu alikaa rafiki yangu Mhehe, dereva wa basi. Wangoni na Wahehe walipigana zamani, wakamaliza, wakawa watani, na mtani husema lolote na wewe hukasiriki.

"Mngoni," akaninong'oneza, "kumbe ndiyo kazi yako ya Jumamosi? Unawaundia Wajerumani manowari? Bibi yako huko aliko anaomba kufa tena."

"Nyamaza wewe, kula mbuzi."

"Nakula. Ila usitupige mizinga kabla ya keki."

Hapo wazo likanijia, na nililiona zuri. Waliopigana wakamaliza ni watani. Sisi na Wajerumani tulipigana, na leo tunaoleana, basi vita imekwisha. Huyu ni mtani wangu. Na mtani ana haki ya kukamata mali ya mtani wake mpaka ikombolewe, kama wanavyozuia jeneza msibani mpaka walipwe. Nikachukua maikrofoni nikatangaza kwamba manowari imetekwa na Wangoni, haitoki Fittja mpaka Mjerumani atoe mbuzi. Vigelegele vikapasuka. Nikainyanyua juu ya kichwa watu waione.

Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Dohani zote mbili zikagonga taa zikakatika, na kibanda cha mizinga kikadumbukia kwenye keki.

Mkwe alikwenda kwenye keki, akakitoa kibanda chake, akakifuta krimu kwa tai yake mwenyewe. Binti yangu akanijia, akanisemesha Kiswidi. Aliniambia nirudi nyumbani, na kanisani atapelekwa na mama yake.

Mhehe ndiye aliyeniendesha. Njiani hakunitania hata kidogo, na hilo lilinitisha.

"Mkwe hataniwi, bwana," alisema. "Anaogopwa. Hata mtoto anajua."

"Lakini tulipigana nao."

"Mlipigana, ndiyo. Sasa amekuwa mkwe. Umemvunjia heshima, kalipe faini."

Siku mbili baadaye nilikwenda Hässelby. Mkwe alikuwa chini kule, meli iko mezani mbele yake, amevaa miwani ya kukuzia.

"Binti yako amenieleza utani," alisema. "Ni kweli mtani hakasiriki?"

"Hakasiriki."

"Basi mimi si mtani. Nimekasirika."

Nikamwomba radhi kwa ile meli. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshapoteza kila kitu, nikamweleza na mengine. Nikamwambia wale mia tano wa makaa ni babu zangu, na waliowanyonga wazee wetu walikuja kwa meli kama hii anayoipapasa.

Aliitazama ramani. Akavua miwani.

"Naweza kuweka winchi," alisema. "Makaa yapakiwe kwa mashine."

Nilitamani kutema mate pale pale kwenye zulia lake. Alichosikia katika maneno yangu yote ni tatizo la upakiaji. Lakini alikuwa ameshika simu, akasema dohani zikishalipiwa atampigia binti yangu amwambie kwamba mambo ya wazee yamekwisha. Akanisogezea karatasi aliyopigia hesabu ya shaba, ya rangi, ya fundi wa kuchonga upya na ya tai. Sikubishana. Nililipa kwa simu yangu, nimesimama, Mngoni analipia manowari ya Mjerumani ipate kupona.

Binti yangu alipiga jioni ile, kwa Kiswahili, kuniuliza kama suti yangu imepigwa pasi. Kanisani nilimshika mkono mimi. Ilinigharimu krona elfu nne mia tatu themanini na tano.