Nati Niliyoikaza Siku Tatu

Pikipiki ya baba yangu nimeiua mimi. Si kutu, ni mimi! Naficha jina kwa sababu Tukuyu ni ndogo, na bado nataka kununua mkate Makandana bila kuchekwa.

Baba aliipanda enzi za ukarani wake kwenye kampuni ya chai. Kisha ikakaa miaka mingi kwenye banda la ndizi linalovuja kule Ikuti. Mwaka huu akaniambia, "Nataka niisikie ikiunguruma kabla masikio hayajaniishia." Tayari ilikuwa lazima umwambie neno mara mbili.

Nikaichukua kazi. Ufundi sijausomea, lakini nasoma! Nina daftari, nina rula, kila boliti ina bahasha yake yenye namba. Mtu mzima na bahasha zake!

Ikabaki nati moja, ile inayoshika magneti, gurudumu la sumaku la kuzalisha cheche, kwenye shafti, yaani mhimili wa injini. Ikagoma. Nikaimwagia dizeli, nikaipasha moto, nikaandika saa na dakika.

Fundi wa bodaboda kutoka Isongole alikuja kumsalimia baba, akachungulia.

"Kaka, hiyo inafunguka upande wa kufungia."

"Nati hufunguka kushoto. Hayo umeyasoma wapi?"

"Sijayasoma. Nimeshazifungua."

Nikacheka! Nikamwambia arudi kwenye pancha zake.

Nyuzi za nati ile zilikwenda kinyume kweli. Siku tatu niliikaza nikiamini naifungua. Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu, kisha bomba refu zaidi. Siku ya tatu, paa! Nikashangilia. Nikaiokota nati, na ndani yake imo ncha ya shafti, imekatika.

Shafti hiyo haipatikani tena. Nimeuliza Mbeya, nimeuliza Dar.

Baba akatoka na fimbo yake. "Vipi?"

"Kutu, baba. Ilishaliwa ndani." Nikarudia kwa sauti, maana hakusikia. Uongo mmoja, mara mbili!

Kisha akaniomba radhi, mimi! "Nisamehe, mwanangu. Niliiacha inyeshewe."

Fundi alipopita tena, baba akamwonyesha kile kipande. Palipovunjika paling'aa, hapana hata doa.

"Kutu, eh?" fundi akaniuliza.

"Kutu."

"Kutu ya huku kwetu ina mikono, Injinia."

Baba hakusikia. Mimi nilisikia vizuri sana.

Sasa baba amenunua turubai. Mawingu yakikusanyika, na huku hukusanyika kila siku, anajikongoja kwenda kuifunika injini iliyokufa. Juzi aliteleza kwenye tope, goti likavimba.

Wewe unayejiamini kwa daftari, nati ikigoma, jaribu upande wa pili kabla hujaongeza bomba. Na ukivunja, sema siku hiyo hiyo, maana kesho yake mdomo nao unagoma. Leo asubuhi nilikwenda kwake nimeshapanga maneno yote ya kukiri. Baba akaninyooshea pembe moja ya turubai.

Nikaishika, tukafunika pamoja.