Hesabu ya Mikono Haikuwa Yangu

Nimezaliwa Luhwindja, mtoto wa mchimba dhahabu asiyejua kusoma, na leo nina diploma tatu, moja ya hapa na mbili za Ulaya. Sikuwa na mjomba ofisini wala padri wa kuniombea nafasi. Nilipokuja Bukavu kuanza chuo nilitembea siku mbili, viatu nimevining'iniza shingoni ili visichakae kabla ya kuonekana. Hayo nimeyasimulia kila mahali, na ni kweli. Ninayoyaandika leo sijayaandika popote.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, tulipoitana Citoyen na Citoyenne, raia kwa raia, na profesa wetu alivaa abakosi, lile koti rasmi lisilovaliwa na tai, limefungwa vifungo vyote hata jua likiwaka. Mwaka wa pili alituletea kozi ya hesabu diskreti, yaani hesabu ya vitu unavyoweza kuvitaja kimoja kimoja: watu, barabara, salamu. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilitangaza barazani kwamba hizo ni hesabu za watoto, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kitu nisichoweza kujifundisha mwenyewe.

Kazi ya kwanza nilipata nne juu ya ishirini. Nilikunja karatasi nikaiingiza ndani ya soksi. Aliyeiona ni mmoja tu, msichana wa Shabunda aliyekaa mbele yangu, kwa sababu asistenti wa profesa alikuwa amempa yeye aipitishe nyuma. Yeye alikuwa na kumi na nane. Hakucheka. Jioni alinikuta nikipambana na swali lile lile: katika kundi lolote la watu, wale waliosalimiana kwa mkono mara moja, au tatu, au tano, kwa nini idadi yao haiwezi kuwa moja, tatu au tano?

"Uko unahesabu nini pale?" akaniuliza.

"Watu."

"Acha watu. Hesabu mikono. Ukiingia ku matanga unasalimia nani?"

"Wote."

"Wote. Hata ule anakula fufu anakupa kiwiko, kile kiwiko iko mukono. Sasa kila salamu inakula mikono ngapi?"

"Miwili."

"Basi ukijumlisha mikono yote ya matanga, unaweza kupata saba?"

"Hapana."

"Njo vile. Jumla inagawanyika kwa mbili siku zote. Wale wa mara moja na mara tatu lazima waende wawili wawili. Mumoja akibaki peke yake, jumla inaharibika."

Katika kitabu jambo hilo lilichukua nusu ukurasa wa alama. Yeye alilimaliza kwa kiwiko cha mtu anayekula fufu.

Kuanzia hapo alinifundisha mara mbili kwa wiki katika darasa tupu, mlango wazi ili watu wasiseme. Kila nyayo zilipopita nje, mimi nilipandisha sauti na kunyoosha kidole kwenye ubao, kana kwamba ninayefundisha ni mimi. Aliliona hilo. "Ndiyo, mwalimu," alikuwa akisema, na kusubiri mtu apite, kisha kuendelea pale alipoachia. Aliniambia pia kwamba tonton wake, mjomba aliyemlea Shabunda, alimkubalia kusoma kwa sharti moja: akianguka hata mwaka mmoja, anarudi nyumbani moja kwa moja.

Mtihani ulikuwa wa mdomo. Tuliitwa mmoja mmoja kwa orodha, wengine tukingoja kwenye baraza chini ya madirisha yaliyo wazi. Niliingia kabla yake, mbele yangu watatu wakiwa wameshatoka na nyuso za kijivu. Baada ya maswali ya kawaida, profesa alitoa lile la ziada, la kupima vichwa: salamu. Nikahesabu mikono. Nikasema matanga, nikasema kiwiko. Profesa aliweka kalamu chini.

"Citoyen, hii haiko katika kozi yangu. Nani amekuonyesha?"

Asistenti wawili walikuwa wakinitazama. Ningeweza kusema: mwenzangu wa Shabunda, yuko hapo nje. Niliona tayari watakavyonicheka, bingwa wa baraza kufundishwa na msichana.

"Hakuna mtu, Citoyen Profesa. Mimi mwenyewe."

Baada ya wanne hivi akaingia yeye, naye akaulizwa salamu, naye akahesabu mikono. Nilikuwa bado kwenye baraza. Nilisikia kila neno.

"Citoyenne, ulisikiliza dirishani?"

"Hapana, Profesa. Ile njia ni yangu. Miye njo nilimufundisha."

"Wewe ulimfundisha yule?"

Asistenti mmoja alicheka. Profesa aliandika sifuri, na pembeni yake neno la udanganyifu, jambo ambalo kwetu halifidiwi na alama za kozi nyingine na huandikwa kwenye karatasi inayopelekwa nyumbani.

Msichana alitoka akanitafuta kwa macho. Hakupiga kelele.

"Enda umuambie tu. Maneno mbili. Bado hawajafanya délibération, hawajakaa kupitisha alama."

"Nitaenda," nikasema. Na nilikusudia kwenda.

Jumamosi nilipanda hadi Muhumba, nyumbani kwa profesa. Nilikuwa nimepanga sentensi njiani, fupi, ya kusema nikiwa nimesimama. Alinifungulia mwenyewe, akamwita mkewe: "Kuja uone yule Citoyen wa mikono!" Nikaletewa kiti na chai ya maziwa. Alizungumza juu ya Ulaya, juu ya barua ambayo angeweza kuniandikia. Mara akauliza, "Ulikuwa na jambo?" Nikasema nilikuja kumshukuru kwa kozi.

Niliposhuka, yule msichana alikuwa ananingoja kando ya njia.

"Sikumukuta," nikamwambia. "Walisema amesafiri."

Jumatatu alikwenda mwenyewe. Alirudi akasimama mbele yangu kati ya wenzangu, nikafikiri atanivua nguo hadharani. Alisema kwa sauti ya chini tu: "Profesa anakusalimia. Anasema mulikunywa chai, na haukumuambia kitu juu yangu." Kisha akaongeza, "Miye njo nilisikia haya mbele yake juu ya uongo yako. Haya yako, nilibeba miye."

Siku ya kutangaza matokeo jina langu lilisomwa kwa heshima, wajomba waliotoka Luhwindja wakanimwagia poda ya pongezi kichwani hadi nikakohoa. Jina lake lilisomwa na hakuna aliyeitika. Alikuwa ameshapanda lori la Shabunda na ile karatasi yake. Kulikuwa na mtihani wa pili miezi michache baadaye. Nilimtafuta kwenye orodha iliyobandikwa, na tena mwaka uliofuata. Tonton wake alikuwa ametimiza neno lake. Barua ya Ulaya ambayo profesa aliniandikia ilisema nina akili isiyoiga mtu.

Niliporudi kutoka Ulaya nilipewa kozi ile ile, chuo kile kile. Tulipofika kwenye salamu niliweka chaki chini na kuwaambia wanafunzi: njia hii si yangu, ni ya msichana aliyekaa mbele yangu, nami niliiba, na yeye akapewa sifuri badala yangu. Kisha sauti ya nyuma ikasema, "Prof wetu anajishusha sana!" Wakacheka, wakaanza kupiga makofi, jinsi watu wanavyompigia mkubwa aliyejifanya mdogo.

Ningeweza kuwanyamazisha. Nilikuwa na sauti, na ukumbi ulikuwa wangu. Nilisimama nikangoja makofi yaishe, na sehemu yangu fulani ilitamani yachelewe kwisha. Kisha nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata.