Jinsi Nilivyozamisha Nyambizi Birmingham

Nafanya usafi katika karakana moja Birmingham, penye chumba ambacho niliamini kinaongoza nyambizi zilizoko baharini. Zamani kulikuwa na swichi na magurudumu ya chuma, nami niliyasugua bila wasiwasi. Juzi nikakuta vyote vimeondolewa, pamewekwa kioo kitupu kama cha simu. Nikakipangusa. King'ora kikalia, na picha ya nyambizi ikaanza kuzama.

Mdogo wangu alikufa maji mwaka huu. Nilibonyeza kila mahali, ikazidi kwenda chini mpaka ikatoweka. Nikasimama nikawasalia mabaharia sala ya maiti.

Nilipotoa salamu ya kumaliza sala, Wanjiru, msimamizi wangu Mkenya, alikuwa mlangoni.

"Mzee Haji, unaombea nani?"

"Watu niliowaua humo ndani."

"Woiye, mzee! Hiyo ni picha ya kufundishia tu. Haina mtu!"

Nyuma yake wanafunzi waliokuja kujifunza humo walikuwa wamevua kofia, wakidhani kuna msiba.