Siku Nilipobadilisha Koili ya Kabati la Moshi

Nianze na aibu yenyewe ili msije mkasema nimeificha: mimi, Marwa, fundi umeme pekee wa kijiji kizima, nilipokea pongezi za wageni wa wilaya mbele ya umma nikiwa sina suruali. Chekeni sasa, mmalize, halafu mnisikilize, kwa sababu ndani ya aibu hiyo kuna kazi nzuri niliyoifanya, ambayo watu wakisimulia huwa wanairuka.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mimi ni mtu wa Turwa, Tarime, lakini nilihamia upande wa Ringwani kwa sababu kijiji kimoja huko kilipata jenereta na hakikuwa na mtu wa kuiwasha bila kusali kwanza. Nilikuwa nimekaa karakana moja Musoma nikijifunza mambo ya waya, kwa hiyo nilipofika nilipewa nyumba, jembe na heshima. Jenereta iliendesha mashine ya kusaga, na mashine hiyo alikuwa anaisimamia rafiki yangu Chacha. Chumba cha nyuma cha banda la mashine ndipo lilipokuwa kabati la bati, refu kama mtu, alilotuachia mtaalamu mmoja wa kigeni aliporudi kwao. Lilikuwa la kukausha nyama kwa moshi, kwa nguvu ya umeme: nyama unaitundika juu, chini kabisa kuna koili, na juu ya koili kuna sinia la vipande vya kuni, koili inapata moto, kuni zinafuka bila kuwaka, nyama inaiva taratibu. Hiyo taratibu ndiyo ilikuwa shida, maana koili yenyewe ilikuwa ndogo na mvivu, unatundika paja leo asubuhi, kesho asubuhi bado linakutazama.

Basi mwenyekiti wa kijiji akanijia siku moja, akasema, "Ndugu Marwa, Alhamisi wageni wa wilaya wanakuja kuona miradi yetu. Saa tano wako hapa, saa nane wanaondoka. Hilo kabati lako litakuwa limeivisha?"

"Litaivisha, mzee," nikajibu, hata sijafikiri.

Mjue nilikuwa na sababu ya kujibu hivyo. Nilikuwa nimeposa. Ng'ombe wa baba yangu walikuwa wameshatoka Turwa wakaenda kwa akina Boke, tukawa tunasubiri mavuno tu ili Boke aje kwangu, lakini wazee wa kwao walikuwa bado wananitazama kwa jicho la pembeni. Mwanaume asiye na zizi, anayeshinda ameshika waya, atamlisha nini binti yetu? Nilisikia walivyosema, na iliniuma. Nilitaka siku ya wageni wanione.

Na kuna jambo jingine lazima mlijue, hasa nyie mliooa huko ambako mkwe anamtania mkwe. Kwetu Wakurya, ng'ombe wakishapokelewa, mama wa msichana hasogelewi. Ukimwona njiani unaacha njia, unapita porini na miiba yake. Humpi mkono, huketi alipoketi, na nguo yake ndiyo kabisa, hata ikianguka tope unaiacha hapo na kuita mtoto aiokote. Mama Boke alipokuja kusaga, mimi nilijifungia chumba cha nyuma mpaka Chacha aniambie kuwa ameshika njia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa na adabu.

Nikaingia kazini. Nilipata koili kubwa ya jiko la umeme lililokufa, lililokuwa limetupwa stoo ya misheni moja kule Tarime, nikaibeba kwenye baiskeli imefungwa kwenye gunia kama mtoto mgonjwa. Nilifungua sakafu ya kabati, nikatoboa matundu mapya kwa msumari na nyundo, nikaifunga kwa skrubu, nikabadilisha waya zote nikaweka nene, nikazivalisha zile bomba ndogo za udongo ili zisiguse bati. (Nasema hivi ili mwenye kujua kazi ajue kwamba mimi naijua.) Nilipowasha, koili ikawa nyekundu kama pilipili kabla sijamaliza kujifuta jasho. Nilicheka peke yangu.

Lakini kulikuwa na kidude cha kupima joto, kile kinachokata umeme kabati likizidi moto. Kilikuwa kimezoea ile koili mvivu. Kila baada ya dakika chache, tiki, kinakata, natulia, kinarudisha, tiki, kinakata tena. Niliona kinanidharau. Nikachukua koleo, nikakitoa, nikaunga waya moja kwa moja, nikakitia mfukoni. Uamuzi wenyewe ndio huo, ndugu zangu, haukuchukua muda hata wa kunywa kikombe cha uji.

Alhamisi ikafika. Kile kidude nilikihamishia mfukoni mwa suruali ya siku hiyo. Nilivaa suruali yangu ya pekosi, ya tetroni, pana huku chini kama sketi, ambayo mwenyekiti alikuwa hapendi lakini siku hiyo alinyamaza kwa sababu alikuwa ananihitaji. Tukatundika nyama, safu ya juu na safu ya chini, nikawasha. Jenereta ikaguna. Chacha alipojaribu kusaga, jiwe likazunguka kwa uchovu, likasimama.

"Mura, hiyo kitu yako imekula umeme wote," Chacha akanipigia kelele, akiniita mura, yaani kijana, kama tunavyoitana Wakurya. "Wanawake wamejaa hapa nje!"

"Waambie wasubiri. Leo ni nyama."

Wakasubiri, wakinung'unika, maana foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa limeshapanda. Baadhi walikuwa ndani ya chumba cha mashine, wakatoka kwenda kukaa kivulini, na kama kawaida yao wakaacha khanga zao za kujitanda zimetundikwa kwenye misumari ya ukutani, huwa wanazitundika pale zisipate vumbi la unga. Mimi sikuona nani kaja wala nani kaenda. Nilikuwa na kabati langu.

Saa tano, mlio wa gari. Wageni hao. Na wakati uleule nikasikia ndani ya kabati sauti ya kukaanga, chaa, chaa, mafuta ya nyama yanadondokea kwenye kuni, na moshi ukabadilika kutoka mweupe ukawa mweusi. Mtu mwenye akili angezima jenereta. Mimi nilifungua mlango nione kulikoni. Moto uliokuwa umekosa hewa ukaipata, ukatoka mzima mzima, nikaruka nyuma, mguu ukapiga lile sinia la kuni, lililokuwa limeshajaa mafuta ya nyama, yakamwagika kwenye pekosi, na pekosi ikashika moto kuanzia ule upana wake wa chini. Tetroni haiungui kwa heshima kama pamba, inayeyuka inakung'ang'ania. Niliivua kwa kasi ambayo sijawahi kuvua nguo, nikaitupa, nikamwambia Chacha azime, akazima. (Ndani nilikuwa sina kitu. Kaptula yangu ya ndani ilikuwa moja, na ilikuwa kwenye kamba inakauka. Msiniulize zaidi.)

Nikanyoosha mkono mlangoni, nikavuta nguo ya kwanza msumarini, nikajifunga kiunoni, nikachota mchanga, nikamwaga, nikamwaga, mpaka moto ukafa.

Nyama ya safu ya chini ilikuwa makaa. Lakini ile ya juu! Nawaambieni, ilikuwa ya rangi ya kahawia inayong'aa, ukiibonyeza inatoa maji yake, na harufu yake iliwainua hata wale waliokuwa wananinung'unikia. Mwenyekiti akaikata harakaharaka kabla mtu hajauliza moshi mweusi ulikuwa wa nini. Mkubwa wa wageni akatafuna, akafumba macho, akatafuna tena.

"Fundi yuko wapi?" akauliza. "Na aje hapa mbele."

Nikatoka. Masizi usoni, nyusi zimeungua, khanga kiunoni. Mgeni akanishika mkono hata hakunitazama chini. "Ndugu fundi, hii ndiyo maana ya kujitegemea. Waeleze wananchi ulivyofanya."

Nami nikaeleza. Jamani, nilieleza! Niliinua ile koili ya zamani watu waione udogo wake, nikasimulia safari ya Tarime, waya, matundu, bomba za udongo. Watu walikuwa kimya kabisa, kimya kisicho cha kawaida, wanawake wameweka mikono mdomoni, wazee wa akina Boke wamesimama pamoja macho yamewatoka, nikajisemea moyoni, leo wamenikubali. Sijawahi kujisikia mtu mkubwa kama nilivyojisikia dakika zile.

Chacha akanisogelea sikioni. "Mura, nyamaza. Hiyo khanga ni ya nani unajua?"

Nikaitazama. Ya rangi ya chungwa, yenye majogoo. Mwaka ule khanga zilikuwa adimu hata mgonjwa hakupata ya kufunikwa, na khanga mpya kijijini ilikuwa moja tu. Nikainua macho taratibu. Nyuma ya wote, kwenye kona ya banda, mama Boke alikuwa amesimama ametupa mgongo, paji la uso ameliweka ukutani, mabega wazi, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Sikumbuki niliingiaje stoo ya banda. Nakumbuka niliivua khanga, nikakaa ndani ya gunia tupu la unga mpaka wageni wakaondoka, na nililia, siwafichi. Sikulilia suruali. Nilijua wazee wakisema hili haliponi, ng'ombe watarudi Turwa na Boke ataolewa kwingine, na yote kwa sababu ya kidude kilichokuwa mfukoni mwa suruali iliyoungua.

Wazee walikaa siku mbili. Wengine walisema ng'ombe warudishwe, hili si soni ya kawaida. Siku ya tatu Boke mwenyewe akaja, akasimama mbali na mlango wangu, uso ameukaza.

"Mama hawezi kuivaa tena ile khanga," akasema. "Utamtafutia nyingine, doti nzima. Na wazee wanataka mbuzi wa kusafisha."

"Nitaleta," nikasema. "Na ndoa?"

"Mama ndiye amewanyamazisha. Amesema mtu akikuvulia nguo kwa ubaya utamjua, huyu alikuwa anaokoa nyama ya watu." Hapo akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Na anasema mbuzi huyo asichemshwe. Mkaushe kwenye kabati lako, yeye siku ile alisikia harufu tu. Lakini uvae suruali mbili."

Nilivaa mbili. Kidude cha joto nilitengeneza kingine, nikakiweka mahali pake, na nyama ya mbuzi yule ililiwa mpaka mifupa ikakosa cha kugombaniwa. Koili ile ilidumu kuliko jenereta yenyewe, na Boke yuko jikoni sasa hivi anasikia ninavyowaongopea kidogo hapa na pale. Umeme nitaushika mpaka nizeeke. Lakini nguo iliyotundikwa msumarini siigusi tena, hata ikiwa nyumbani kwangu, hata ikiwa yangu, mpaka nimeuliza ni ya nani.