Gurudumu Lililotupita Njiani

Mume wangu alikuwa fundi baiskeli pale Kibaoni, Ifakara, na mimi nilikuwa fundi mwenzake, ingawa wateja wengi walichelewa kulikubali hilo. Tulioana mwanzoni mwa miaka ya hamsini, tukateremka kutoka upande wa Mahenge, tukapanga chumba chenye baraza pana, na baraza hiyo ndiyo ikawa karakana yetu. Yeye alipenda kufungua vitu. Mimi nilipenda kuvirudisha. Nilikuwa nimesuka mikeka tangu utotoni, na alipoona napitisha spoku juu ya moja na chini ya nyingine bila kukosea, kazi ya kusuka magurudumu akaniachia mimi.

Kiangazi kimoja, kijana wa Kihindi, mtoto wa mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alirudi kutoka Morogoro na gari ambalo Ifakara haikuwahi kuona la namna yake. Alilinunua kwa Mwingereza mmoja mpima ardhi aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa jekundu, fupi, halina paa, lina viti viwili tu, na lilikaa chini mno hivi kwamba dereva alitazamana ana kwa ana na mbuzi. Watu waliliita Panzi siku ileile. Lakini kilichowashangaza zaidi ni magurudumu yake. Hayakuwa ya chuma kitupu kama ya lori. Yalikuwa na spoku, nyingi, zinang'aa, zimepishana kama za baiskeli, ila nene kidogo.

Kwa hiyo kijana aliletwa kwetu na kundi zima la watu, kana kwamba sisi ndio tuliolitengeneza.

Alimsalimia mume wangu kwa adabu, akanisalimia na mimi, akaeleza shida yake. Alikuwa anaoa baada ya mavuno, mchumba wake alikuwa Kilosa, na alitaka ampokee kwa gari hilo. Njia ya kutoka Morogoro ilikuwa imelitikisa, na gurudumu moja la mbele lilikuwa linalia.

Tukaliinua kwa jeki. Mume wangu akagonga kila spoku kwa spana ndogo, mimi nikasikiliza. Iliyokaza hutoa mlio mwembamba, iliyolegea hutoa mlio wa bati bovu. Zilizolegea tulizikaza polepole, kila moja kidogo, kwa sababu ukivuta upande mmoja kwa pupa ringi yote inapinda. Gurudumu lenyewe halikufungwa kwa nati nyingi. Lilifungwa kwa nati moja kubwa katikati, yenye mabawa mawili, nayo hupigwa kwa nyundo ya shaba mpaka ikaze. Mume wangu aliipenda nyundo ile kupita kiasi. Nadhani aligonga zaidi ya ilivyohitajika.

Kesho yake kijana akataka kulijaribu gari kwenye njia ya Kisawasawa. Dada yangu alikuwa amejifungua huko, nami nikaomba lifti. Mume wangu akakaa mbele, mimi nikajibana nyuma ya viti, juu ya turubai lililokunjwa, nimekumbatia kikapu cha unga wa uji. Upepo ulinivua kitambaa kichwani tukiwa bado hatujautoka mji. Sijawahi kufurahi vile. Mashamba ya mpunga yalikuwa yameanza kuwa ya njano, milima ilikuwa upande wetu wa kushoto, na kila tuliyempita alisimama kututazama.

Tukiwa karibu kufika, nikaona gurudumu linatupita.

Lilitupita upande wa kushoto bila haraka, likaenda mbele yetu katikati ya njia kama linajua linakokwenda. Mume wangu akaligeukia, akalitazama, akasema, "Hilo linafanana na letu."

Hapo ndipo gari likainama. Lilikwaruza barabara kwa kishindo, likazunguka nusu, likasimama kwenye nyasi. Unga wote ulikuwa kichwani kwa kijana. Tulijipapasa, tukaona tu wazima, tukaanza kucheka, na hatukuweza kunyamaza mpaka mwenye shamba la maboga alipotokea amelibeba gurudumu kifuani. Alitupa pole, tukamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akataka kujua kama baiskeli yenyewe imeumia sana.

Ringi ilikuwa imepinda na spoku kadhaa zimekatika. Lakini lililotusumbua ni ile nati. Tuliiona kwa macho yetu ikipigwa nyundo. Kijana aliifuata nyuma, akaiokota, akaifuta vumbi. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza upande wa kufungulia, pamoja na mshale. Akaisoma, akaenda upande wa pili wa gari akaisoma nati ya huko, akarudi akakuna kichwa.

"Fundi," alisema, "Mwingereza aliniambia za kushoto hufunguka kama nati zote, na za kulia ndizo zinazofunguka kinyume. Hizi za mbele ni tofauti na alivyosema."

Mume wangu akachutama, akafikiri. Akamwambia kwamba hata pedali za baiskeli ziko hivyo, kila upande na njia yake, na ukikosea hujifungua zenyewe unavyokwenda. Wakakubaliana kwamba fundi fulani huko nyuma aliwahi kufungua habu za mbele, vile vitovu vinavyoshika magurudumu, ili atie grisi, akazirudisha ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Gari lilikuwa linajifungua lenyewe tangu Morogoro.

Mimi niliwaacha wakibishana nikaenda kwa miguu kumwona dada na mtoto. Mume wangu na kijana waliokotwa na lori la mpunga, nikawakuta nyumbani jioni.

Baba wa kijana hakucheka. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, anavaa kofia nyeusi daima, na jambo likimkera alizidi kuwa mpole. Aliamua kwamba gari litiwe magurudumu ya chuma kitupu, na habu zake, kama magari ya watu wengine. Kijana naye akaagiza spoku mpya. Vyote viwili vilifika kutoka Dar es Salaam kwa lori moja, vikashushwa kwenye baraza ya mashine, na baba na mwana wakasimama kila mmoja kando ya mzigo wake.

Mzee akatuita. Alitaka fundi aseme ukweli, yapi ni bora.

Mume wangu akasema, "Mzee, kwa barabara zetu, ya chuma. Hayataki kuangaliwa kila safari. Haya ya spoku yatakutaka kila wiki."

Kijana akainamisha kichwa. Mzee akanigeukia mimi, sijui kwa nini, akaniuliza, "Na wewe mama?"

Nikamwambia kwamba ya spoku ni mepesi, na yakifungwa vizuri gari linakwenda kama halikanyagi chini. Kisha nikaongeza kwamba mimi mwenyewe ndiye ninayeyasuka, kwa hiyo naisifia kazi yangu, na asinisikilize sana.

Akatabasamu kidogo. Akasema tulitengeneze kwanza hilo lililovunjika, kisha ataangalia.

Tulichonga magogo mawili tukayasimamisha kama uma wa baiskeli kubwa. Mume wangu alinyoosha ringi kwa nyundo ya mbao, mimi nikasuka. Spoku za nje na za ndani zina urefu tofauti, na mara ya kwanza nilizichanganya nikalazimika kufumua zote. Ncha zilizotokeza ndani tulizisaga kwa tupa, tukaziwekea utepe wa mpira wa zamani ili zisitoboe tyubu. Lilipozunguka bila kuyumba, mume wangu alilizungusha tena na tena, akiliangalia tu. Habu zikarudishwa kila moja upande wake.

Mzee alikuja asubuhi. Alipanda kiti cha kushoto, akashika kofia yake, akamwambia mwanawe aende mpaka kivukoni, kule mtoni. Tulingoja barazani na mama wa kijana, ambaye alisimama mlangoni mwa mashine akijipepea kwa pindo la sari yake. Waliporudi, mzee hakuwa na kofia. Nywele zake za mvi, ambazo hakuna aliyewahi kuziona, zilikuwa zimesimama wima. Mkewe alizitazama, akafunika mdomo.

"Yaacheni kama yalivyo," mzee akasema, akaingia ndani kutafuta kofia nyingine.

Magurudumu ya chuma hakuyatupa. Alitengenezesha mkokoteni wa kubebea magunia, na ulidumu miaka mingi.

Bibi harusi alipokelewa kwa Panzi, na maua ya mbarika yaliyofungwa mbele kwa sababu mengine hayakupatikana. Mvua za masika zilipoanza, gari lilipandishwa juu ya matofali, na yeye akawa anakuja barazani kwetu kwa kuwa nyumba ya wakwe ilimchosha. Alinifundisha kukanda chapati laini, nikamfundisha maneno ya Kipogoro ambayo mama mkwe wake asingeyaelewa. Kiangazi kilichofuata alijifunza kuendesha. Mara ya kwanza alipotoka peke yake alipita mbele yetu bangili zikilia, akapiga honi, akalipeleka gari moja kwa moja kwenye mtaro.

Alishuka, akajikung'uta, akamwita mume wangu kwa sauti ya utulivu, "Fundi, njoo usukume. Magurudumu yote manne yapo, nimeshayahesabu."