Mkono Juu, Mama Stuli

“Mkono juu, Mama Stuli.”

Mkewe alicheka, akainua mkono mmoja huku mwingine umeshika mwiko. Seremala akachomoa penseli sikioni, akatia alama ukutani pale ncha za vidole zilipofika, kisha nyingine usawa wa bega, nyingine usawa wa kiuno. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Futi alikuwa nayo, lakini kabati lake halikuanza kwa futi, lilianza kwa mkono wa mwenye kabati. “Ukuta hauvai nguo,” alizoea kusema. “Nampima anayevaa.” Mtaani wakamwita Fundi Mkono.

Ubavuni mwa chumba chao cha kulala palikuwa na kijichumba kisicho na dirisha. Wakiingia wawili, mmoja hutoka kinyumenyume. Kwa miaka mingi kilikuwa ghala la masanduku. Nguo za watu zilikaa kwa heshima ndani ya makabati ya Fundi Mkono, zake zikaning’inia kwenye misumari. Kinyozi hajinyoi. Safari hii aliapa kukigeuza kabati la nguo na kukimaliza.

Jioni ile walikaa kitandani wakipanga. Nguo za mke kulia, za mume kushoto. Makoti marefu yapate pa kushukia bila kukunjamana, viatu chini, mablanketi juu kabisa.

“Juu kabisa nani atafika?” mke aliuliza.

“Si mimi nipo?”

“Na usipokuwepo?”

“Utapanda stuli, kama kawaida yako.”

Nyumba nzima ilijengwa kwa kimo cha mume. Tangu waoane, mke alipanda stuli hata kuchukua chumvi, na ndiko jina lilikotoka.

Wiki chache baadaye Fundi Mkono alitoka kwenda karakanani mzima kabisa, akiimba wimbo wa sifa. Jua halijakaza, fundi mwenzake, aliyeitwa Msumari kwa wembamba wake, akasimama mlangoni, kofia mkononi, mdomo unafunguka na kufungika. Mke alielewa kabla hajaambiwa, na alipoambiwa hakuelewa. Ameanguka kando ya mashine ya randa. Hata neno hakusema. Mtu ambaye hakuumwa hata mafua!

Waombolezaji walimwambia kazi ya Mungu haina makosa. Aliitikia amina, na amina yake ilikuwa ya kweli. Lakini alikuwa kama mtu aliyekosa ngazi gizani, mguu ungali unatafuta chini.

Msiba ulipotulia, wifi yake, dada wa marehemu, akaja na magunia.

“Wifi yangu, nguo za kaka tuwape wenye shida. Zitaliwa na nondo bure.”

“Haziendi popote. Zina upande wao, kushoto.”

“Upande gani, na chumba chenyewe hakijaisha?”

“Kitaisha.”

Msumari akaleta mbao. Marehemu alikuwa amekwisha kuzikata zote, akazipiga msasa na kutoboa matundu ya skrubu, akazifunika turubai nyuma ya mlango wa karakana. Kazi iliyobaki ilikuwa kuziunga tu. Wifi akakalia magunia yake, akangoja.

Msumari alipokwisha kuziunga, alikuna kichwa. “Shemeji, hapa mkuu kateleza. Bomba la kutundikia la kushoto liko chini mno. Koti lake litafagia sakafu.”

“Huyo hajateleza hata siku moja. Angalia tena.”

Akaangalia tena. La kulia chini, la kushoto chini vilevile.

“Na rafu ya mablanketi? Tulisema juu kabisa.”

“Hakuna juu, shemeji. Mbao zimeisha.”

“Labda alimpima mtoto wa jirani,” wifi alitania. Hakuna aliyecheka.

Mjane akaingia katikati ya kijichumba, akainua mkono. Vidole vikagusa ubao wa juu. Akageuka kushoto, bomba likamjia kiganjani. Akashusha mkono, droo ikamlaki kiunoni. Kila kitu kilimfikia. Na hapakuwa na mahali popote pa mtu mrefu.

“Alijua,” alisema.

“Alijua nini?” wifi akauliza.

Msumari aliketi sakafuni, bisibisi mapajani. “Moyo. Daktari alimwambia umechoka, hautafika mbali. Aliniapisha nisiseme. Akasema, ‘Nikimwambia mke wangu, ataanza kunililia ningali nakula chakula chake.’”

“Mungu wangu!” Wifi akaziba mdomo kwa mikono miwili. “Hata mimi dada yake!”

“Mkono juu, Mama Stuli,” mjane alirudia polepole. “Nami nacheka! Mtu ananiaga, nami nacheka na mwiko mkononi!” Akaupiga ubao kwa kiganja. Haukutikisika, kazi yake haikuwahi kutikisika. “Mungu anisamehe, nimemkasirikia marehemu.”

“Mkasirikie, wifi yangu. Tumkasirikie wote.”

Walilia hadi machozi yakawakauka. Kisha mjane akatoka, akarudi amekumbatia makoti ya mumewe, akayakunja moja moja ndani ya magunia. Koti la kazi, lenye vumbi la mbao mifukoni, likabaki mkononi.

“Msumari, nipigie msumari mmoja pale,” akaonyesha karibu na dari, “mkono wake ulipokuwa unafika.”

“Hutafika, shemeji.”

“Najua.”

Akaenda jikoni kuleta stuli.